Ngano ya Urusi, mbaazi za kwenda India: Hanang na Mbulu tunaishi kwa mlango mmoja?



Leo tuongee kuhusu andazi. Ndio, andazi. Ukikaa kwenye kibanda chochote cha chai pale Katesh ukaagiza maandazi mawili, kuna uwezekano mkubwa ngano yake ililimwa huko karibu na Bahari Nyeusi, Urusi. Ikapanda meli, ikashushwa Dar es Salaam, ikasagwa, ikapanda lori mpaka Babati, ndio ikakufikia wewe. Na kutoka hapo kwenye kibanda, ukipanda gari kwenda Basotu, unapita kwenye tambarare iliyokuwa inaitwa ghala la ngano la Tanzania.

Hapo ndipo swali linapoanza. Nchi inayonunua chakula chake kutoka nchi nyingine inajuaje kama imejiweka mahali pabaya? Wakubwa wana lugha yao: hatari za kisiasa za kimataifa, mnyororo wa ugavi na kadhalika. Sisi tutaongea Kiswahili cha kawaida. Swali ni hili tu: huyo unayemtegemea akifunga mlango kesho asubuhi, wewe unakula nini mchana?

Watu wengi wakisikia hivyo wanaanza kubishana kama Urusi ni rafiki yetu au si rafiki, kama Marekani ndio wabaya au vipi. Mimi nasema urafiki sio kipimo. Ushahidi upo hapa hapa Hanang na Mbulu, maana sisi tumeshategemea nchi tatu tofauti kwa mambo matatu tofauti, na zote zilitufundisha kitu.

TUNANUNUA KIASI GANI?

Tuanze na hesabu. Mwaka 2021 na 2022 serikali yenyewe ilikuwa inasema mahitaji ya ngano ya nchi ni kama tani milioni 1 kwa mwaka, na uzalishaji wa ndani hata moja ya kumi haufiki. Maana yake katika kila maandazi kumi, tisa ni ya wageni. Urusi imekuwa muuzaji wetu mkubwa kwa miaka mingi, halafu kuna Australia, Canada, Ujerumani na wengine, kutegemea na mwaka na bei.

Kwa nini Urusi? Sio mapenzi. Ni bei. Ngano yao ni rahisi, ni nyingi, na bandari zao za Bahari Nyeusi haziko mbali sana na sisi ukilinganisha na Canada. Msagaji wa Dar anafanya biashara, anatafuta tani ya bei nafuu, na mimi simlaumu. Mama anayekaanga maandazi stendi ya Mbulu naye anataka unga wa bei nafuu. Bei nafuu imetulisha miaka mingi.

Ila bei nafuu haikuambii hatari iko wapi. Inakuambia bei ya leo tu.

2022: MLANGO ULIPOTIKISIKA

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliingia Ukraine kivita. Hizo nchi mbili kwa pamoja zilikuwa zinauza karibu theluthi moja ya ngano yote inayouzwa kati ya nchi na nchi duniani. Machi 2022 bei kwenye soko la Chicago ikapaa kufikia kiwango ambacho hakijawahi kuonekana. Bandari za Ukraine zikafungwa. Julai 2022 Uturuki na Umoja wa Mataifa wakasimamia makubaliano pale Istanbul ya kuruhusu meli za nafaka zipite. Yakadumu mwaka mmoja tu, Julai 2023 Urusi ikajitoa.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawakukiona. Urusi haikutuwekea sisi vikwazo. Hakuna aliyetukasirikia. Mzigo wa chakula haukupigwa marufuku na Wazungu, waliusamehe. Lakini baadhi ya benki za Urusi ziliondolewa kwenye mfumo wa malipo wa kimataifa, kwa hiyo kulipa kukawa shughuli. Kampuni za bima zikapandisha gharama kwa meli yoyote inayoingia Bahari Nyeusi. Ngano ipo, mnunuzi yupo, hela ipo, na bado mzigo unakuwa ghali njiani. Wewe uko Dongobesh, huna ugomvi na mtu, andazi linapungua ukubwa. Bei ile ile ya jana ila ukilishika unaona limekonda.

Na sio mara ya kwanza. Agosti 2010 Urusi ilipigwa na ukame na moto mkubwa wa mashamba na misitu. Serikali yao ikasimamisha kabisa kuuza ngano nje. Hapo hapakuwa na vita wala vikwazo. Walihesabu ghala lao, wakaamua watu wao kwanza. India nao Mei 2022, joto kali lilipounguza ngano yao, wakafunga mauzo ya ngano nje.

Na sisi je? Tusijifanye malaika. Juni 2017 serikali yetu ilizuia mahindi kwenda nje, na waliokuwa wanatutegemea wakabaki wameduwaa. Aprili 2025 tukazuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa sababu ya mvutano wa kibiashara, siku chache baadaye tukaachia. Kwa hiyo shika hili: KILA SERIKALI ITALISHA WATU WAKE KWANZA. Rafiki au adui, utawala wa chama chochote, hiyo ndio kanuni. Ukipima hatari ya nchi, anzia hapo.

NJIA NAYO NI NCHI

Jamani, chukueni ramani. Meli ikitoka Novorossiysk inapita mlango wa Bosphorus katikati ya Istanbul, inaingia Mediterania, inapita mfereji wa Suez, inashuka Bahari ya Shamu, inapita Bab el-Mandeb pale kati ya Yemen na Djibuti, ndio inaingia bahari yetu. Hizo ni sehemu tatu nyembamba, na kila moja ina mwenyewe.

Machi 2021 meli moja tu, Ever Given, ilikwama Suez siku sita. Dunia nzima ikasimama kuiangalia. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, na kampuni nyingi zikaamua kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Hiyo ni wiki na zaidi za ziada, mafuta ya ziada, bima ya ziada. Ugomvi ulikuwa wa Gaza na Yemen. Gharama ikagawanywa kwa kila mnunuzi.

Kwa hiyo ukisema "tunanunua Urusi", kumbe unanunua Urusi, Uturuki, Misri na Yemen kwa pamoja. Na ukishafika Dar, bado. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya udongo kutoka mlima Hanang yaliipiga Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, Mungu awapumzishe. Pamoja na msiba ule, barabara kuu nayo ilifunikwa na matope na magogo. Nako kuna mlango. Na ndugu zangu wa Mbulu mnajua wenyewe mambo ya mlima Magara mvua ikinyesha.

Halafu kuna dola. Hii watu wanaisahau. Ngano inanunuliwa kwa dola. Tuchukue mfano wa tani moja ya dola 300. Mwaka 2022 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, tani hiyo ni shilingi 690,000. Miezi fulani ya 2024 dola ilivuka 2,700, tani ile ile sasa ni 810,000. Tofauti ni shilingi 120 kwa kila kilo, na Mrusi hajaongeza hata senti. Na kwenye 2023 mpaka mwanzo wa 2024 hata hiyo dola yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa tochi benki.

HANANG ILISHAJARIBU KUJITEGEMEA... KWA MSAADA

Najua kuna mdau hapo anataka kuandika: "Si tulime wenyewe? Hanang si ipo?"

Haya, tusikilize historia. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano Hanang. Mashamba saba, kila moja kama eka 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd. Matrekta ya Canada, mashine za kuvunia za Canada, wataalamu wa Canada, vijana wetu wakapelekwa kusoma Canada. Utafiti wa mbegu ukafanyika Selian, Arusha. Kwa muda mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa sana ya ngano ya ndani, na wazee watakuambia mashine zilikuwa zinavuna mpaka usiku.

Ila angalia vizuri. Tulikuwa tumeacha kutegemea ngano ya nje, tukaanza kutegemea VIPURI vya nje. Mashine ikiharibika, kifaa kinatoka ng'ambo. Dizeli ng'ambo, dawa ya magugu ng'ambo. Miaka ya 1980 nchi ikawa haina fedha za kigeni, shilingi ikashushwa thamani, kila kitu cha kuagiza kikapanda. Msaada wa Canada ulipofika mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashamba yakaanza kudhoofika. Baadaye mengine yakabinafsishwa, mengine yakarudishwa kwa wananchi.

Canada haikutugombeza wala kutufungia mlango kwa hasira. Mradi uliisha muda wake, basi. Hiyo nayo ni hatari: msaada una tarehe ya mwisho, tumbo halina.

Na kuna bei nyingine ambayo haikuandikwa kwenye risiti. Tambarare ya Basotu haikuwa pori la bure. Ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Watu walihamishwa, mifugo ikasukumwa kwenye ardhi kame, na makaburi ya wazee wao, ambayo kwa Mbarabaig ni mahali patakatifu, yakapitiwa na majembe ya trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, Mahakama ya Rufani ikaipindua mwaka 1985 kwa hoja kwamba hawakuthibitisha umiliki wao. Kesi hiyo mpaka leo inasomwa na wanafunzi wa sheria za ardhi.

Kwa hiyo mtu akisema "turudishe ngano Hanang ili tusitegemee Urusi", mimi namuuliza maswali mawili. Kwenye ardhi ya nani? Na vipuri vinatoka wapi?

Halafu tupige hesabu ya baridi. Tuseme eka zote 70,000 za zamani zinalimwa ngano, na kila eka inatoa tani 1, ambayo kwa kilimo cha kungoja mvua ni mavuno mazuri. Unapata tani 70,000. Mahitaji ni tani milioni 1. Hiyo ni asilimia 7. Hanang nzima ile haiwezi kuiondoa Urusi kwenye andazi lako. Anayekuambia vinginevyo anatafuta kura.

MBAAZI: PALE TULIPOKUWA UPANDE WA PILI

Sasa tugeuze shilingi. Kutegemea nchi moja kununua ni sawa na kutegemea nchi moja kuuza. Hili Manyara tunalijua kwenye mifupa.

Mbaazi za Babati, Hanang na sehemu za Mbulu soko lake kubwa lilikuwa na limebaki India. Sisi wenyewe hatuli nyingi, tunakula kidogo na wali au kwenye makande. Misimu ya 2015 na 2016 kilo ilivuka shilingi 1,000 kwa raha zako. Watu wakajenga, wakanunua bodaboda, wakalipa ada. Kila mtu akaongeza shamba.

Mwaka huo huo wakulima wa India nao walikuwa wanaongeza, manake bei ya dengu na mbaazi kwao ilikuwa imepaa na serikali yao iliwahimiza. Wakavuna sana. Mwanzoni mwa Agosti 2017 serikali ya India ikatangaza ukomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka, dunia nzima. Agosti! Wakati sisi tunavuna. Gunia liko uani, mnunuzi hayupo. Bei ikaporomoka mpaka shilingi mia mbili, mia tatu kwa kilo, kuna sehemu chini ya hapo. Wengine waliacha mbaazi shambani maana kumlipa kibarua wa kuvuna ilikuwa hasara.

Sasa hapa ndio pa kujifunza. Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alitembelea Afrika. Alifika Msumbiji, alifika na kwetu Dar es Salaam. Msumbiji walitoka na mkataba wa maandishi kwamba India itanunua nafaka zao za jamii ya kunde, kuanzia tani 100,000 kupanda mpaka 200,000 kwa mwaka. Mlango ulipofungwa 2017, Msumbiji walikuwa na dirisha lao. Sisi tulibaki na picha za mapokezi na ngoma.

India walifungua tena Mei 2021, kwa muda maalum, halafu wakawa wanaongeza muda mara kwa mara. Januari 2025 waliongeza mpaka tarehe 31 Machi 2026. Bei ikapanda sana tena 2023. Watu wakasahau. Lakini Desemba 2023 India hao hao waliruhusu njegere za njano ziingie bila ushuru, na wauzaji wakubwa wa njegere za njano ni akina nani? Canada na Urusi! Mhindi maskini dengu na mbaazi zikiwa ghali anahamia njegere za njano. Kwa hiyo mkulima wa Endasak anashindana na Mrusi kwenye sahani ya mtu wa Mumbai huku akinywa chai na andazi la Mrusi huyo huyo. Dunia ndogo, wadau.

MASWALI MATANO YA KUPIMA NCHI

Kutokana na hayo yote, mimi nimejiwekea maswali matano. Unaweza kuyatumia kwa ngano, kwa simu za China, kwa vifaranga, kwa chochote.

1. Milango ni mingapi? Kama zaidi ya nusu ya mzigo inatoka au inakwenda nchi moja, wewe sio mteja tena, wewe ni abiria.

2. Kwao wakipungukiwa, watakuuzia? Angalia walichofanya zamani, sio wanachosema mikutanoni. Urusi 2010, India 2017 na 2022, sisi wenyewe 2017. Aliyefunga jana anaweza kufunga kesho.

3. Njia inapita wapi na malipo yanapita wapi? Nchi inaweza kuwa tulivu kabisa, lakini bahari ikachafuka au benki ikafungiwa.

4. Una karatasi? Mkataba sio dawa ya kila kitu, ila Msumbiji walikuwa na karatasi na sisi hatukuwa nayo.

5. Ukikosa, unaweza kubadilisha ndani ya muda gani? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Hilo la tano linabadilisha picha nzima. Chukua Misri. Wao ni kati ya wanunuzi wakubwa kabisa wa ngano duniani, na mkate kwao ndio maisha. Ngano ikiyumba Misri, serikali hailali. Sisi Mbulu ngano ikikosekana tunachemsha viazi, mihogo, mahindi. Chai itashuka tu. Ugali upo. Kwa hiyo ngano ya Urusi inatuuma mfukoni, inamuumiza sana yule mama ambaye biashara yake ni maandazi na chapati, lakini haitatuua kwa njaa.

Kitakachotuua ni kitu kingine ambacho hakiko kwenye sahani. MBOLEA.

HATARI HALISI IKO SHAMBANI

Urea inatengenezwa kwa gesi, na nyingi inatoka Urusi, nchi za Ghuba, China. Fosfeti inatoka Moroko, China, Saudi Arabia. Oktoba 2021 China ilianza kubana mbolea yake isitoke nje, kwa kanuni ile ile, wakulima wake kwanza. Miezi minne baadaye vita ikaanza. Bei zikapaa. Kwenye msimu ule mkulima wa mahindi alikuwa na uchaguzi wa kupunguza mbolea au kupunguza eka. Mwezi Agosti 2022 serikali ikaleta ruzuku, mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ukauzwa shilingi 70,000 kwa aliyesajiliwa. Ilisaidia sana, tuseme ukweli. Ila ruzuku ni kulipia mlango mmoja kwa hela ya serikali. Mlango bado ni ule ule.

Ngano ikikosekana unabadilisha kifungua kinywa. Mbolea ikikosekana unapoteza mahindi ya mwaka mzima, na huwezi kurudi nyuma ukaiweka mwezi wa sita wakati ulitakiwa kuiweka mwezi wa pili. Muda wa kubadilisha haupo. Kwa swali la tano, mbolea inafeli vibaya kuliko ngano.

Na hapa mkoa wetu una bahati. Minjingu, wilaya ya Babati, kuna mwamba wa fosfeti unaochimbwa tangu miaka ya 1980, na kiwanda kinatengeneza mbolea pale pale. Kwa fosfeti tuna mlango wa pili uani kwetu! Haiondoi haja ya Urea ya kutoka nje, lakini nusu ya mzigo ikitoka umbali wa safari ya basi moja badala ya kuvuka Bab el-Mandeb, hesabu ya hatari inabadilika. Na samadi ya ng'ombe wa Hanang haihitaji dola. Wazee wa Kiiraqw wamerutubisha mashamba kwa samadi vizazi na vizazi kule Mbulu juu, kabla ya mtu kusikia neno DAP.

SASA TUFANYEJE?

Kwanza tusidanganyane na neno "kujitegemea". Kujifungia ndani sio usalama. Mwaka wa ukame Manyara, mlango wa nje ndio unaookoa. Lengo ni kuwa na mlango wa pili na wa tatu, hata kama ni mdogo. Huo mlango wa pili ni kama bima. Unalipia kila mwaka na unaona kama unapoteza hela, mpaka siku ya ajali.

Kwa ngano, serikali imekuwa ikiwatoza waagizaji ushuru wa asilimia 10 badala ya 35 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiurudisha 35 kesho, mkulima wa Basotu atafurahi na mama wa maandazi atalia. Mimi sitaki huyo mama alipe bima ya nchi nzima peke yake. Njia ya katikati ni hii: msagaji apate nafuu ya ushuru kwa sharti kwamba amenunua kwanza ngano ya ndani kwa bei inayojulikana. Kenya wamekuwa na utaratibu wa namna hiyo kwa wasagaji wao. Mkulima wa Hanang akijua kabla ya kupanda kwamba mnunuzi yupo, atapanda. Asilimia 7 sio nyingi, lakini ni kama mwezi mmoja wa nchi nzima, na mwezi mmoja unatosha kutafuta meli nyingine Australia.

Pili, ghala. Babati kuna vihenge vipya vya NFRA vilivyojengwa kwa mkopo wa Poland, na kazi kubwa ya NFRA ni mahindi. Kuweka na akiba ya mbolea karibu na wakulima, kabla msimu haujaanza, kungetupa muda. Na muda ndio kila kitu.

Tatu, mbaazi. Karatasi! Serikali ikienda India irudi na tani zilizoandikwa, kama Msumbiji. Na sisi huku tuanze kuzipenda mbaazi zetu wenyewe. Shule za bweni, hospitali, kambi zinakula maharage kila siku, mbaazi je? Soko la ndani likinunua hata sehemu ndogo, siku India ikifunga hautauza kilo kwa mia mbili.

Nne, ardhi. Bima yoyote inayoanza kwa kumhamisha mfugaji sio bima, ni kuhamisha hatari kutoka kwa mla mkate wa mjini kwenda kwa Mbarabaig. Ngano ilimwe na wanakijiji kwenye mashamba yao. Yaliyotokea kwenye mashamba yale saba yalishatokea, yasirudiwe kwa jina la usalama wa chakula.

Na wewe kijana unayesoma hapa kabla muda wako kwenye mashine haujaisha, una kazi yako. Ukomo wa India wa 2017 haukuwa siri, ulitangazwa wazi Delhi na uliwekwa kwenye mtandao. Wachuuzi wakubwa waliujua siku ile ile. Mkulima wa Gehandu alijua alipoona lori halijaja. Tofauti kati yao ilikuwa habari tu. Kabla ya wazee hawajaamua wapande nini mwaka huu, tumia dakika kumi utafute India imesema nini kuhusu mbaazi, China imesema nini kuhusu mbolea, Urusi imesema nini kuhusu ngano. Halafu nenda nyumbani uwaambie kwa Kiiraqw, kwa Kidatoga, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote wanayoisikia vizuri.

Nchi kubwa zina mabalozi wa kuziambia mlango unataka kufungwa. Kijiji chetu kina wewe.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wa Haydom, Dongobesh, Katesh, Basotu, mliouza mbaazi 2017 mlipata ngapi kwa kilo? Na nani amejaribu mbolea ya Minjingu kwenye mahindi, imekuwaje? Andikeni hapo chini. Matusi hapana, hoja ndio.